Marejeo ni ngamani: Funzo la mashua kuukuu

Wahenga walinena kwamba hata ukenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika miaka niliyofundisha nimeisoma methali hii katika insha zisizo na idadi. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu, na hupewa alama zote, kwamba hata mtu azunguke dunia nzima, mwishowe hurudi kwao. Jawabu hilo si kosa. Hata hivyo, nikimtaka mwanafunzi huyo huyo, ambaye sasa amefika chuo kikuu na anaisomea lugha, anieleze tezi ni wapi, omo ni wapi na ngama ni kitu gani, aghalabu huinamisha kichwa. Ameibeba methali miaka yote hiyo kama mtu abebaye sanduku lililofungwa, asijue ndani mna nini.

Kwa baharia aliyeitunga, maneno hayo yalikuwa na uzito wa mbao na maji. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, juu ya mkuku, ambako kila tone linalopenya hukusanyika. Maji yakiingia kwa tezi hutelemkia ngamani. Yakiingia kwa omo hutelemkia huko huko. Mwenye kutaka kujua afya ya chombo chake hana budi ainame atazame ngamani.

Katika makala haya nakusudia kuirejesha methali hiyo ufuoni ilikotoka, ili nizungumzie jambo linalowahusu wengi wanaoishi kando ya bahari na maziwa yetu: namna ya kukitengeneza chombo kidogo kikuukuu cha uvuvi bila ya kumpoteza atakayekipanda. Huenda msomaji akastaajabu mtu wa isimu kuingilia kazi ya mafundi. Namwomba anivumilie, kwani sababu zangu ni mbili, na ya pili ni nzito.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Vanga, karibu na mpaka wetu na Tanzania. Kila mwaka kusi iliposhika na bahari ikachafuka, alilivuta dau lake ufuoni akaliegemeza kwa magogo. Mimi nilikuwa mtoto wa likizo, na shauku yangu yote ilikuwa kupaka sifa, yaani yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za nje zikang'aa. Mjomba hakuniruhusu. Kwanza aliondoa farumi, yale mawe ya kulitia dau uzito, akakumba maji machafu kwa upo, akaiacha ngama wazi ipigwe na jua siku tatu. Kisha alishika nyundo ndogo akagonga kila ubao, kila taruma, na mwisho fashini, ule mti wa nyuma unaoshikilia usukani, huku akitega sikio.

"Mti mzima hujibu," alikuwa akiniambia. "Mti mbovu hunyamaza."

Baada ya hapo aling'oa pamba kuukuu iliyokuwa katika maungio akakalafati upya, akabadilisha misumari iliyoliwa, akapaka sehemu ya chini deheni ya shahamu na chokaa. Sifa ilikuja mwisho kabisa. Nikilalamika hunirudi kwa upole: "Mjomba, sifa ni nguo. Kwanza tutazame mwili."

Sikuyafahamu maneno hayo barabara hadi nilipoyasikia tena, kwa lugha nyingine na juu ya chombo cha aina nyingine, mbali sana na Vanga.

Mwaka wa 2011 nilikuwa Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin nchini Marekani, nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu. Mji huo umekaa juu ya kipande chembamba cha ardhi baina ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyestaafu ualimu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha vijana kazi za vyuma. Nyuma ya nyumba yake, chini ya msonobari, kulikuwa na mashua ya alumini ya urefu wa futi 12, iliyoundwa katika miaka ya 1960, imejaa majani makavu na maji ya theluji iliyoyeyuka. Majira ya kuchipua yalipofika, mzee alinitaka nimsaidie kuitengeneza. Nilifurahi, nikamwuliza tutanunua rangi gani. Alicheka, akaniambia kuwa rangi ni kazi ya siku ya mwisho, na kwamba huenda siku hiyo isifike. Nilihisi kana kwamba Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake.

Kabla sijaeleza tulilolifanya, yafaa niseme machache kuhusu madini yenyewe. Alumini imejaa tele katika udongo wa dunia, lakini njia ya kuipata kwa bei nafuu kwa nguvu ya umeme iligunduliwa mwaka wa 1886 tu, na vijana wawili ambao kila mmoja alifanya kazi peke yake, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Vita vya Pili vya Dunia viliifanya kuwa madini ya ndege. Kampuni ya Grumman, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, ilianza mwaka wa 1945 kuunda mitumbwi ya alumini, baada ya mmoja wa wakuu wake, William Hoffman, kutaabika mwaka uliotangulia kwa kubeba mtumbwi mzito wa mbao na turubai. Ndiyo sababu mashua nyingi za aina hii zimeungwa kama bawa la ndege: mabati membamba yaliyoshikanishwa kwa mamia ya ribiti, yaani vipande vifupi vya madini vilivyopitishwa tunduni na kupondwa vichwa pande zote mbili.

Sifa kubwa ya alumini ni wepesi na kutoshika kutu kama chuma. Ikiguswa na hewa, hujifunika ngozi nyembamba mno inayoilinda. Hapo ndipo watu hudanganyika. Husema kwamba chombo cha alumini hakiozi, kwa hiyo kikuukuu chake ni sawa na kipya, kinahitaji kuoshwa na kupakwa rangi tu. La hasha. Alumini ina adui zake, na adui hao hujificha pale pale alipopachungulia Mjomba.

Tulianzia ngamani. Tuliondoa majani na tope, kisha mzee akapitisha vidole katika kila pembe akitafuta sarafu. Nilidhani anatania. Alinieleza kwamba sarafu ya shaba ikidondoka ngamani na kulala katika maji, shaba na alumini huwa kama betri: mkondo mdogo wa umeme hupita baina yao, na alumini, iliyo dhaifu zaidi katika ushindani huo, huliwa kidogo kidogo mpaka ikatoboka. Alama yake ni unga mweupe na vishimo mithili ya vilivyotobolewa kwa sindano. Katika maji ya chumvi uharibifu huu huenda kasi zaidi, na kwa hiyo mashua iliyoishi ziwani miaka mingi isidhaniwe kuwa itaistahimili bahari vivyo hivyo. Wenye vyombo vya madini baharini hufunga vipande vya zinki vinavyokubali kuliwa badala ya chombo. Kwa Kiswahili tungeviita kafara, na sioni neno bora kuliko hilo.

Jambo la pili lilikuwa tezi. Mashua hizi hufungwa mashine kwa nyuma, na bati jembamba haliwezi peke yake kuhimili uzito na msukumo wa mashine. Kwa hivyo ndani ya ukuta wa tezi huwekwa ubao mnene, aghalabu wa plaiwudi. Kwa nje ukuta ule ulikuwa mzima. Mzee aligonga kwa nyundo. Bati la juu lilijibu, la kati likanyamaza. Tulipoufungua, plaiwudi ilitoka mikononi mwetu ikiwa nyeusi na laini kama mkate uliolowa chai. Mashine ingefungwa hapo, skurubu zake zingeng'ang'ania kitu kisichokuwapo.

Ubao mpya tuliukata kwa kipimo cha ule wa zamani, tukaupaka gundi ya epoksi kila upande, kingoni na hata ndani ya matundu ya skurubu, kwa kuwa maji huingilia tunduni kabla ya kwingineko. Jirani mmoja alitupa bure mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na uozo. Mzee alishukuru akazikataa. Dawa nyingi za aina hiyo zina shaba ndani yake, na ubao wa namna hiyo ukilazwa juu ya alumini huwa ni ile ile sarafu ya ngamani, ila imeongezwa ukubwa.

La tatu lilikuwa kutafuta vuja. Wengi hukitia chombo majini wakatazama maji yanakoingilia. Sisi tulifanya kinyume. Tulikiweka juu ya magogo imara, tukatia maji ndani, tukalala chini kwa chaki mikononi, tukatia alama kila mahali palipotoa tone. Lakini hapa kuna hadhari, na mwalimu wa hesabu aisikilize. Sakafu ya mashua ikiwa na urefu wa meta 3 na upana wa meta 1, maji ya kina cha sentimeta 10 ni lita 300, nazo ni kilo 300. Chombo ambacho watu wawili walikiinua bila taabu sasa kimebeba uzito wa watu wanne wazima, kwa hiyo kisipoegemezwa sawasawa kitapinda au kitamwangukia aliyelala chini yake. Ndiyo maana maji yalitiwa kidogo kidogo.

Ribiti zilizolegea tulizikaza wawili wawili: mmoja nje akishikilia kipande kizito cha chuma juu ya kichwa cha ribiti, mwingine ndani akiponda mkia wake kwa nyundo. Zilizokatika tuliziondoa tukatia mpya za alumini. Palipokuwa na ufa, mzee hakujaribu kuchomea mwenyewe ijapokuwa alikuwa mtu wa vyuma. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na tofauti na chuma haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Asiyeizoea hudhani bado haijapata moto, na ghafla bati humdondokea likiacha tundu mara kumi ya ufa. Kazi hiyo alimpelekea fundi aliyebobea, na kabla ya kufanya hivyo aliliondoa tangi la mafuta. Tangi tupu la petroli ni la kuogopwa kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo nao hushuka ukatulia chini kabisa. Msomaji bila shaka amekwisha kukisia ni wapi.

La nne, na ambalo wengi hawalifikirii kamwe, ni kuelea. Dau la mbao likijaa maji hubaki limeelea nusu nusu, na wavuvi wengi wameokoka kwa kulikumbatia. Chombo cha madini kikijaa maji huenda chini, isipokuwa kimewekewa kitu cha kukizuia. Katika mashua hizi huwekwa vipande vya povu gumu chini ya viti. Tulipovitoa vile vya zamani, kipande ambacho mtoto angekibeba kwa mkono mmoja kilihitaji mikono miwili. Katika miaka ile yote povu lilikuwa limenywa maji, na kilichowekwa ili kuokoa kilikuwa kimegeuka farumi.

Mwalimu wa fizikia aweza kuipata hapa mada ya somo zima. Mashua yetu ilikuwa na uzani wa kilo 60. Alumini ni nzito mara 2.7 kuliko maji ya ujazo ule ule. Kwa hiyo mabati ya kilo 60 yakizama husukuma kando lita 22 hivi za maji, na kwa kanuni ya Archimedes huinuliwa kwa kilo 22. Kilo 38 zinazosalia ndizo zinazokivuta chombo chini. Lita moja ya povu kavu huinua karibu kilo moja. Basi lita 38 ndizo kima cha chini cha kukizuia chombo kitupu kisizame; mashine na watu watakaoking'ang'ania huhitaji nyingine zaidi. Mwalimu wa kemia naye aongeze kwamba petroli huliyeyusha lile povu jeupe la kufungia redio na televisheni, hivyo si kila povu linafaa.

La tano lilikuwa uwezo wa chombo. Nchini Marekani, sheria ya usalama wa mashua ya mwaka wa 1971 ilifuatwa na kanuni zilizowataka waundaji wabandike katika mashua ndogo kibao kinachotaja uzito na idadi ya watu. Mashua ya mzee ilikuwa imetangulia kanuni hizo. Kwa chombo kisicho na kibao hutumika hesabu nyepesi: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha ugawe kwa 15. Futi 12 mara futi nne na nusu ni 54. Gawa kwa 15 upate 3.6. Maana yake ni watu watatu, wala si wanne, na hao ni wa siku ya maji matulivu. Sisi Wakenya hatuhitaji kuambiwa kwa nini idadi ni jambo la uhai na mauti. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, Mombasa, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa.

Rangi ilikuja mwisho, nayo pia ilikuwa na masharti yake. Rangi za zamani aghalabu zina madini ya risasi, ambayo vumbi lake hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Kwa hiyo tulipiga msasa uliolowa maji, tukavaa barakoa, tukakusanya uchafu wote wala hatukuuacha uwani. Rangi mpya haikuwa ile yenye shaba inayotumika kuzuia chaza na mwani katika vyombo vya mbao, kwa sababu msomaji anayoijua. Siku ya kujaribu, chombo kilifungwa kamba ufuoni, bila mashine, katika maji yasiyopita kiuno, nasi tumevaa majaketi ya kuokolea maisha. Tulikaa humo saa nzima tukitazama ngama. Ilibaki kavu. Hapo ndipo mzee alipokwenda kuchukua nyavu.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuandika. Ya pili naieleza kwa uzito wa moyo.

Mwaka wa 2016, miaka mitatu baada ya kurudi nyumbani, kitinda mimba wa Mjomba alinipigia simu. Yeye na wenzake wanne walikuwa wamenunua kwa bei ya kutupa boti ya faiba iliyokuwa ikitembeza watalii. Walihitaji fedha za rangi. Nilituma siku hiyo hiyo, tena nilizidisha. Sikuuliza lolote. Walinitumia picha: boti nyeupe yenye mkanda wa buluu, jina limeandikwa kwa mkono mzuri, na nyuma yake mashine kubwa kuliko ile ya awali. Niliwaonyesha wenzangu chuoni picha hiyo kwa fahari.

Boti za faiba nazo aghalabu huwa na ubao ndani ya ukuta wa tezi, na ubao huo huoza kwa namna ile ile niliyoiona Wisconsin kwa macho yangu, bila nje kuonyesha dalili. Nje ya mwamba, katika mawimbi ya kusi, tezi iling'oka pamoja na mashine. Maji yaliingia kwa nyuma kwa mkupuo mmoja. Hawakuwa na majaketi. Wanne walishikilia mitungi ya plastiki hadi wakaokolewa na ngalawa iliyopita. Binamu yangu hakuonekana tena.

Nilipofika matangani, watu walisema ni kudura, nami sina ulimi wa kukana kudura. Mjomba, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu na hakuwa ametia mguu chomboni kwa miaka, aliuliza swali moja tu: "Nani aliyegonga fashini?" Vijana walitazamana. Hawakukataa kujibu. Hawakujua fashini ni nini. Mimi nilijua, na mimi ndimi niliyelipa rangi.

Tangu siku hiyo nimelifikiria swali hilo kwa namna mbili, kama mtu wa ukoo na kama mtu wa lugha. Kama mtu wa lugha naona hivi. Vijana wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa na neno moja, boti, pale ambapo babu zao walikuwa na maneno mengi. Mkuku, taruma, hanamu, fashini, mwashiri, ngama: orodha hii ilikuwa ratiba ya ukaguzi kabla ya kuwa msamiati wa kamusi. Fundi aliyeijua hakuweza kumaliza kazi bila kuwa amekigusa kila kiungo, kwa kuwa kila kiungo kilikuwa na jina lililomwita. Kwa mwenye neno boti peke yake, kinachobaki ni umbo la nje, na umbo la nje dawa yake ni rangi.

Wapo watakaosema kwamba maneno hayo ni ya vyombo vya mbao, na kwamba faiba na alumini zimekuja na dunia yao. Sikubaliani nao. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walimaliza kuunda jahazi dogo la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, ubavu wake ukapambwa kwa kandambili zilizotupwa. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Unguja. Mali ilikuwa mpya kabisa, lakini ustadi ulikuwa ule wa mafundi wa mbao, na chombo kilikuwa na mkuku na mataruma. Boti ya alumini ina tezi yake; boti ya faiba ina ngama yake. Kinachohitajika ni mtu wa kuviita kwa majina ili vijana wajue pa kugonga.

Wapo pia watakaosema, tena kwa haki, kwamba mvuvi hapendi kupaka rangi juu ya uozo. Ni ufukara unaomlazimisha. Plaiwudi njema ni ghali, epoksi ni ghali zaidi, na jaketi moja ni bei ya samaki wa siku kadhaa. Hoja hii nimeipima, na siidharau. Ila nasema kwamba kugonga ubao kwa nyundo hakugharimu hata senti, wala kutia maji ndani ya chombo, wala kulipima povu, wala kugawa kwa 15. Anayejua kwamba tezi yake imeoza, na hana fedha, angalau aweza kufunga mashine ndogo, au kupiga kasia karibu na ufuo, au kungoja msimu mwingine. Anayeuona mkanda wa buluu tu hana hiari hiyo. Nasi ndugu wa mijini tunaotuma fedha tuna wajibu wa kuuliza fedha hizo zinakwenda ngamani au zinakwenda ubavuni.

Walimu wenzangu, mlio Vanga, Shimoni, Kipini na Lamu, na ninyi mlio Homa Bay, Mbita, Usenge na kando ya Turkana, nina ombi. Mkifikia methali ile, msiiandike ubaoni mkapita. Wapelekeni wanafunzi ufuoni kwa fundi mwenyeji. Mwombeni aonyeshe kila sehemu na aitaje jina. Penye lugha ya mama yenye neno lake, neno hilo nalo liandikwe kando ya la Kiswahili. Mwalimu wa sayansi aandamane nanyi, aeleze habari za shaba na alumini, na lita 38 zimetoka wapi. Kisha mwanafunzi apewe nyundo ndogo, agonge, asikilize, na aandike alichokisikia. Insha itakayotoka hapo sitahitaji kuitafutia alama.

Mjomba alifariki mwaka wa 2019. Dau lake bado liko Vanga, na kila kusi ikishika mjukuu wake hulivuta ufuoni. Mwaka jana nilikwenda kumsaidia. Nilikuta amekwisha kuondoa farumi, ngama iko wazi juani, naye amepiga magoti nyuma ya chombo, nyundo mkononi, sikio karibu na mti. Nilimsalimu. Aliinua kidole kuniashiria ninyamaze kwanza, amalize kusikiliza.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu.